Mtu wa Sabini na Moja

Kanisa letu hapa Lobule, wilaya ya Koboko, halina mlango. Lina nafasi tu ya kupita, kati ya nguzo mbili za mkaratusi, na juu ni turubai jeupe ambalo maandishi ya shirika yameshaanza kufutika. Lakini mabawabu tunao, wanne. Wageni wanacheka wakituona tumesimama pale na vitambaa vya njano begani. Wanauliza, sasa mnalinda nini?

Mimi ni mmoja wa hao wanne, na sikuomba kuwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kumaliza sekondari, na nilichotaka ni kwaya. Kiongozi wa kwaya alinisikiliza mara mbili. Mara ya pili akaniambia kwa upole niende nikamsaidie Papa Pasta kupanga viti. Wiki iliyofuata nikapewa kitambaa, nikaambiwa wewe sasa ni protokole. Ndivyo tunavyowaita kwetu Kongo. Waganda wanasema asha. Biblia ya Kiswahili inasema bawabu, neno ambalo vijana wengi wa hapa hawalijui. Mmoja aliniuliza kama ni jina la nabii.

Iliniuma, sitaficha. Mwimbaji anaonekana, mhubiri anasikika, hata anayepiga ngoma watoto wanamjua. Protokole anajulikana siku mambo yakiharibika. Kazi yenyewe ni hii: unafika kabla ya saa mbili, unafagia, unapanga mabenchi, unajaza maji kwenye jerikeni. Unafukuza mbuzi. Unampokea mama mwenye mapacha, unabeba mmoja. Mtu aliyekunywa waragi tangu jana unamshika mkono, unamkalisha mwisho karibu na hewa, na unaomba asianze kushuhudia. Mtoto akilia unatoka naye nje. Nimehudhuria mahubiri mengi sana maishani mwangu, na sidhani nimesikia hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Papa Pasta aliona uso wangu. Hakunihubiria, alinipa sura za kusoma tu: Hesabu 16, halafu Hesabu 26, halafu Mambo ya Nyakati wa Kwanza 9 na 26, na mwisho Zaburi 84. Nilisoma kwa tochi ya simu. Kora alikuwa Mlawi, tayari alikuwa na kazi katika hema la Mungu, lakini alitaka cheo cha ukuhani. Akamwinukia Musa pamoja na watu 250, na ardhi ikafunguka. Hadithi hiyo tunaijua wote. Sikujua kwamba sura kumi mbele kuna mstari mfupi unaosema wana wa Kora hawakufa. Hakuna maelezo. Walibaki, basi. Miaka mingi baadaye, kwenye Mambo ya Nyakati, ukoo huohuo unaonekana tena: wanalinda vizingiti, wanalala kuizunguka nyumba ya Mungu, na wanaifungua kila asubuhi. Kura inapigwa kwa kila lango, mdogo sawasawa na mkubwa. Upande wa mashariki walinzi sita, kaskazini wanne kila siku. Na ile Zaburi ya 84, ya mtu anayeona heri asimame kizingitini mwa Mungu kuliko kukaa vizuri kwa waovu, juu yake imeandikwa kwamba ni ya wana wa Kora.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Hapa kambini kuna vijana wengi ambao baba yao alifanya kitu, au jirani anasema alifanya kitu, huko Ituri. Unakuja Uganda na jina la ukoo linakufuata mpaka kwenye foleni ya mgao. Wale watoto wa Kora walipewa ufunguo. Hawakupewa kazi ya kujificha nyuma. Waliwekwa mlangoni, mahali kila mtu anapita na kuwaona na kujua wao ni wana wa nani.

Rafiki yangu Mkatoliki aliniambia kwamba kwao bawabu ilikuwa hatua halisi katika safari ya kuwa padri, mpaka Papa Paulo wa Sita alipoiondoa mwaka 1972. Nilimwambia walikosea. Yeye akasema labda waliona kila mtu amekimbilia hatua za juu, hakuna anayetaka kubaki kwenye ile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Machi 2020 makanisa na misikiti yote Uganda ilifungwa kwa sababu ya korona, na mpaka pia ukafungwa. Tulikaa miezi tukisali nyumbani. Julai serikali ilifungua mpaka kwa siku tatu tu huko Zombo, kusini kwetu hapahapa West Nile, kwa Wakongo waliokuwa wamekwama porini wakikimbia mapigano. Zaidi ya watu elfu tatu waliingia. Mlango wa siku tatu. Halafu tarehe 20 Septemba Rais akatangaza kwamba nyumba za ibada zifunguliwe, lakini watu wasizidi 70.

Sabini! Sisi Jumapili ya kawaida tulikuwa tunapita mia tatu. Papa Pasta akatuita protokole wanne, akasema, "Vijana, sasa kanisa liko mikononi mwenu." Tukapanga mabenchi mbalimbali, tukapata jerikeni yenye bomba, sabuni na daftari. Na mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri, nikapewa kuhesabu.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza kitambaa cha njano kilikuwa na nguvu. Watu wazima waliniamkia mapema. Mzee mmoja alinitumia ujumbe usiku akiomba nimwekee nafasi. Nilisimama kati ya zile nguzo mbili na kalamu yangu, na nilipoandika namba 70 nilinyoosha mkono kama polisi wa barabarani.

Wa sabini na moja alikuwa koko mmoja wa Bloku ya pili. Hakuwa mzee sana, lakini miguu yake ni mibaya. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, amevaa kitenge cha sherehe. Nikamwambia, "Koko, samahani, tumejaa." Akaangalia ndani. Mabenchi yalikuwa na nafasi, unajua, watu wamekaa mmoja huku mmoja kule. Akasema, "Mtoto wangu, miye sitakaa. Nitasimama tu." Nikamjibu kwamba ni sheria. Na ilikuwa sheria kweli, sikudanganya. Akakaa kidogo juu ya jiwe, akavua kandambili, akazipangusa vumbi, akavaa, akaenda. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonisumbua.

Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Nikaenda kwake na kipande cha sabuni, maana kwenda mikono mitupu niliona aibu. Alikuwa anachambua maharage. Alinipa kigoda. Niliomba msamaha kwa maneno mengi, nikaeleza kuhusu korona, na namba, na serikali. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Halafu akaniambia kitu kuhusu mwaka 1980.

Yeye ni wa upande wa Ingbokolo, karibu sana na mpaka. Mwaka ule, baada ya Amin kuanguka, askari wa serikali mpya walipoingia West Nile kulipiza kisasi, watu wa Koboko na Arua walikimbilia Kongo na Sudani kwa maelfu. Hawahawa wenyeji wetu wa leo. Koko alikuwa ameolewa juzijuzi tu. "Walikujaka usiku," alisema, "na watoto, na kuku, na mgonjwa juu ya baiskeli. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na jiko. Mume wangu hakuhesabu. Aliing'oa ile mbao ya mlango kwenye bawaba, akailaza chini, watoto wakalala juu yake. Sisi tulikuwa tunalala bila mlango miezi mitatu."

Akaendelea na maharage yake. Sikujua niseme nini. Nikamsaidia kuchambua.

Njiani kurudi ndipo nikakumbuka kitu cha kijinga kabisa. Katika zile namba 70, nne za kwanza zilikuwa za nani? Zetu. Kila Jumapili nilikuwa naandika daftarini: protokole wa kwanza, wa pili, wa tatu, na jina langu. Tulijihesabu ndani wakati kazi yetu iko mlangoni! Nilipowaambia wenzangu, mmoja alikataa, akasema na sisi ni washirika, tuna haki ya kusali. Ni kweli, ana haki. Tulibishana karibu saa nzima. Mwisho tukakubaliana kwamba wanne tutasimama nje, upande wa pili wa nguzo, kwenye jua. Daftari likabaki na nafasi nne. Mvua ikinyesha tulijibanza chini ya ukingo wa turubai na maji yakatuingia shingoni. Koko alirudi Novemba. Nafasi yake ilikuwa ya kwanza kuandikwa, na sikumwambia kwa nini.

Nne si nyingi, najua. Bado wengi waligeuka nyumbani, na mimi ndiye niliyewageuza. Sitaki mtu asome hapa akadhani tulitatua jambo.

Hata mlango uliofunguliwa kwa moyo wote hautoshi wakati mwingine. Mwaka jana nilikwenda Arua kwa mafunzo ya viongozi wa vijana. Siku ya mapumziko mwenyeji mmoja akanipeleka Ombaci, kwenye misheni ya Kikatoliki pembeni mwa mji. Tarehe 24 Juni 1981 watu wengi walikuwa wamekimbilia pale, kwa sababu mapadri waliwafungulia na watu waliamini kwamba kwenye misheni hakuna askari atakayepiga risasi. Askari wa serikali waliingia wakapiga. Waliokufa walikuwa karibu mia moja. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba bawabu mwema anaokoa. Pale nilisimama nikiwa sina la kusema, na yule mwenyeji, ambaye ni mtu wa kuongea sana, naye alinyamaza. Tulipokuwa tunarudi kwenye boda aliniambia tu kwamba familia yake iliyobaki ilipona kwa sababu ilivuka kwenda Kongo. Nikafikiria ile mbao iliyolazwa chini.

Kuna mabawabu wawili katika Agano Jipya ambao hawahubiriwi sana, wote ni wasichana, na wote walikutana na Petro. Wa kwanza alikuwa mlangoni kwa kuhani mkuu usiku Yesu alipokamatwa. Petro alibaki nje mpaka mwanafunzi mwingine, aliyejulikana kule ndani, alipozungumza na yule msichana, ndipo akaingizwa. Yaani Petro aliingia kwa kujuana! Sisi wa kambini tunaielewa sehemu hiyo bila mahubiri. Na mlangoni palepale msichana akamwuliza swali moja dogo, Petro akamkana Bwana wake. Wa pili ni Roda, kwenye Matendo 12. Petro ametoka gerezani, anabisha, Roda anaitambua sauti, na kwa furaha anakimbia ndani kuwaambia watu. Anasahau kufungua. Wale ndani wanabishana kama ni yeye au malaika wake, na Petro bado yuko barabarani anagonga. Nampenda Roda. Lakini kila nikisikia kwaya yetu inaimba kwa nguvu sana, huwa nageuka kuangalia nje.

Ninyi ndugu wa mashirika mnaosoma jarida hili, nanyi mna mageti. Niliwahi kusimama kwenye geti la ofisi moja tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, na askari hakuinua macho kutoka kwenye kitabu chake. Na niliwahi kufika kwenye geti lingine, askari akatoka nje kabisa, akaniambia, "Kaka, mwenye kazi hiyo hayupo leo wala kesho. Rudi Jumatano, usimalize nauli." Siku hiyo pia sikupata nilichofuata. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa mtu. Mnawafundisha maofisa mambo mengi kwenye semina. Yule mwenye kitabu getini mnamwita lini?

Siku hizi hatuhesabu tena. Nimeajiriwa kusaidia vijana, nina kitambulisho shingoni, na Papa Pasta aliniuliza kama sasa niingie kwenye timu ya wahubiri. Nilimwambia bado. Kuna kijana mmoja anayesimama chini ya mwembe ng'ambo ya barabara kila Jumapili, tangu wimbo wa kwanza mpaka sadaka. Haingii. Nadhani najua sababu, na sababu hiyo ina jina la baba yake ndani yake, kwa hiyo sijamwuliza. Jumapili iliyopita nilivuka na viti viwili vya plastiki. Nikaweka kimoja hapa, kimoja pale, nikakaa. Alisimama muda. Kisha akakaa. Hatukuongea sana, aliniuliza nani anapiga gitaa, nikamjibu. Wingu lilipokuja alibeba kiti chake mwenyewe mpaka karibu na nguzo, akaniachia, akaenda kwao kabla mvua haijaanza.