Kilo 350 mpaka Lushoto

Nyuma ya kirikuu yangu, kwenye mlango wa bodi, kuna maandishi ya Kijapani nisiyoweza kuyasoma na namba ninayoisoma vizuri: 350kg. Siku gari lilipotoka bandarini, fundi aliyekuja kunikagulia aliniuliza kama anifutie. Wengi wanafuta, akasema, wanaandika jina la mtoto wa kwanza. Nikamwambia, "Hapana fundi, hiyo namba iache hapo hapo."

Naiita mpya, na sidanganyi. Kwetu gari likishuka melini likiwa halijawahi kufungwa namba ya Tanzania, hilo ni jipya, hata kama huko lilikotoka limekwisha kulima misimu kadhaa. Ni Suzuki Carry. Nilitafuta ya mwaka wa karibu nisije nikaangukia kwenye ushuru wa uchakavu. Usukani tayari uko kulia, maana Wajapani nao wanaendesha kushoto kama sisi. Kule gari za daraja hili huvaa kibao cha njano. Yangu imefika Dar es Salaam imevishwa cheupe, kwa sababu ni ya biashara.

Na daraja hilo lina mipaka yake kisheria: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, mzigo usizidi kilo 350. Ndiyo maana Carry na Hijet ukiziona zimeegeshwa pamoja unadhani zimezaliwa tumbo moja. Wakulima wa Japani wanazipenda. Nilipoinua zulia la upande wa abiria nilikuta makapi ya mpunga yamejikusanya konani, makavu, mepesi kama kucha za mtoto mchanga. Nilikaa nayo kiganjani muda mrefu. Mimi ni binti wa mkulima wa karoti. Nikajua gari hili limetoka kwa watu wa aina yetu.

Kazi yangu ni kukodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli. Msiba ukitokea saa 3 usiku, saa 12 asubuhi viti viwe vimepangwa. Kwa miaka mingi nilikodi gari, na nikalala na wasiwasi wa dereva asiyepokea simu. Sasa naamka, nawasha, naondoka. Nilipeleka kiti kimoja cha plastiki kwa muuza duka jirani akakipima: kilo 2 na robo. Viti 100 ni kilo 225. Turubai moja na mabomba yake inafika kama 90. Jumla 315, nabakiwa na nafasi ya sufuria kubwa mbili na mifuniko. Hesabu hiyo nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kikinga jua, mbele ya macho yangu.

Bodi yenyewe ina urefu wa kama mita 2 na upana wa mita 1.4, na kuta zake tatu zinashuka. Hilo la kuta kushuka ndilo lililonishika moyo. Unafungua ubavu mzima, unapakua viti ukiwa umesimama chini, humpandishi mtu juu, hakuna anayeumia mgongo. Tena bodi iko chini kiasi kwamba mama mtu mzima kama mimi nafikia katikati bila ngazi. Mitaa ya kwetu Tabata, yenye kona zilizobanwa na kuta pande zote, ambako Canter ingesimama barabara kuu na viti vikabebwa kichwani, kirikuu inaingia, inageuka, inatoka.

Joto ndilo sijalizoea. Injini iko chini ya kiti. Ukitaka kuiona unainua kiti. Foleni ya Buguruni saa 8 mchana, kiti kinachemka kama umekalia chungu, ndiyo maana natandika kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne. Na hakuna boneti mbele. Miguu yako na gari la mbele vinatenganishwa na bati tu, kwa hiyo unajifunza kuacha nafasi, utake usitake.

Mwezi wa tatu tangu niinunue, nikaamua kwenda nayo nyumbani.

Nyumbani ni Lushoto, juu ya mji, kwenye barabara ya udongo ambayo basi halifiki. Mama yangu anavuna maji ya mvua kwa ndoo chini ya mchirizi. Kwa hiyo nilipakia tanki la lita 1,000, ambalo ni kubwa kwa macho lakini jepesi, saruji mifuko minne ya kujengea kitako chake, mchele kilo 50, sukari kilo 25 na godoro. Saruji ilikaa mbele, karibu na kichwa cha gari, tanki likasimama nyuma yake, likafungwa kwa kamba za manila pande nne. Mtoto wa kaka yangu alikuwa utingo wangu. Alitazama mzigo akasema, "Shangazi, hapa bado pana nafasi ya mifuko mitatu." Nafasi ilikuwepo kweli. Kilo ndizo hazikuwepo.

Tulitoka saa 10 alfajiri, tukapita Kimara, Mbezi na Kibaha kabla malori hayajaamka sawasawa. Mwendo wa gari hili ni 80. Linaweza kwenda zaidi, lakini kelele ya injini inakuambia lenyewe kwamba halifurahii. Chalinze tukakata kulia. Baada ya Msata jua likawa limetoka, na hapo ndipo nilipoanza kukutana na mabasi ya mikoani. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake unakupiga ubavuni, na tanki lile lilikuwa kama tanga la jahazi. Mara ya kwanza mikono iliukaza usukani mpaka viganja vikauma. Nikajifunza kulitazama basi linavyokuja, kupunguza kidogo, kushika usukani bila kuubana, na kuliacha gari liyumbe kidogo lirudi lenyewe.

Daraja jipya la Wami lina urefu unaozidi mita 500, limenyooka, na upande mmoja unaliona lile la zamani, jembamba, ambako gari moja lilisubiri jingine lipite. Nimepita la zamani mara nyingi nikiwa ndani ya basi, nimefumba macho kwenye ule mteremko wa kulifikia. Safari hii nilipita macho wazi, mikono yangu mwenyewe kwenye usukani.

Sina mengi ya kusema kuhusu Mbwewe, Mkata na Kabuku. Kila kijiji kina kibao cha 50 na tulikiheshimu kila kimoja. Segera tukashika kushoto, tukapita Korogwe, kisha mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama madaftari. Mombo nikaingia sheli. Kwa hesabu yangu lita moja ilikuwa imetupeleka kilomita kama 15, na mzigo na ule upepo.

Kutoka Mombo barabara inaacha joto la bonde na kuanza kupanda kando ya mto, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba huku na korongo kule. Ni kilomita zaidi kidogo ya 30 hadi Lushoto mjini, na unapanda karibu mita 1,000. Niliogopa injini ndogo. Lakini kirikuu ilipanda. Gia namba 3, kona kali namba 2, taratibu, sauti moja isiyobadilika, sindano ya joto haikusogea. Mahali fulani kabla ya Soni nilizima feni nikashusha kioo, hewa ya baridi ikaingia na harufu ya mikaratusi na moshi wa kuni. Mtoto wa kaka akavaa sweta. Nilifika nyumbani nikiwa nalia kidogo, na sioni aibu kulisema.

Mama alitoka, mkono kifuani, akilitazama lile tanki jeusi juu ya gari dogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii nyumba umeihamishia wapi?"

Usiku ikanyesha. Asubuhi niligundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Gari langu linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Jana yake, likiwa na saruji, lilikuwa limepanda ile barabara ya udongo bila tatizo, kwa sababu mzigo uliyakandamiza magurudumu ardhini. Leo tupu, kwenye udongo mwekundu uliolowa, yalizunguka mahali pamoja yakirusha tope mpaka kwenye migomba. Nikateremka. Vijana wawili wa jirani, bila kuitwa, wakaruka ndani ya bodi wakasimama juu ya ekseli ya nyuma, mmoja akasema, "Shangazi, ingiza gia 2, usikanyage mafuta sana." Nikafanya hivyo. Likashika, likatoka. Nimeendesha gari miaka 11, na somo hilo nililipata pale, kwa kijana ambaye sidhani ana leseni.

Siku ya kurudi tulipitia gulioni kununua karoti na viazi vya kula na vya kuwagawia majirani. Hapo mambo ya kilo yakarudi. Magunia yalikuwa yamejazwa, kisha yakaongezwa kilemba cha wavu juu, yakafungwa kamba. Lumbesa. Sheria ya vipimo imeweka kilo 100 kuwa kikomo cha gunia la mazao, na mkulima yeyote wa Usambara anaijua, lakini bei inatajwa kwa gunia, na mnunuzi ndiye mwenye fedha. Baba yangu aliuza lumbesa maisha yake yote. Aliuza gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja, akarudi nyumbani anahesabu noti ambazo hazikuongezeka. Nikiona kile kilemba cha wavu damu inanichemka.

Kijana wa kupakia aliniwekea matatu pembeni ya gari. "Mama, haya matatu, na pale kuna mengine mawili nakupa bei nzuri. Kirikuu hizi zinabeba tani."

Nikamshika mkono, nikamzungusha nyuma ya gari, nikamwonyesha ile namba. Akacheka. Nikamwomba mizani. Gunia la kwanza lilisoma kilo 138. Niliomba lifunguliwe, kilemba kitolewe, libaki gunia la mkulima. Nililipa matatu yaliyopimwa, kila moja chini kidogo ya kilo 100, na mama aliyelima zile karoti nilimlipa kwa kilo. Alizihesabu fedha mara mbili. Kisha akanipa mapeasi kwenye mfuko, akaniambia nile njiani. Tani sikubeba.

Kuteremka Soni ndiko nilikokuwa nikikuwazia tangu Dar es Salaam.

Miaka sita iliyopita nilikodi kirikuu ya mtu kwa shughuli mbili za siku moja. Viti vilikuwa 150, maturubai mawili, na juu yake mwenye shughuli akaomba tumpelekee matofali. Dereva aliniuliza, "Mama, tuyaweke?" Nikasema tuyaweke, karibu tu. Kwenye mteremko breki zikaisha. Dereva aliligongesha gari kwenye tuta la mchanga kwa makusudi ili lisiingie kwenye watu wa kituo cha daladala. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Viti nilivinunua vingine. Yeye hakuendesha tena kwa mwaka mzima, na nilikuwa nikimpelekea chakula, na kila nilipomwona amekaa na mguu juu ya stuli nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema karibu tu.

Kwa hiyo Soni nilishuka kwa gia namba 2 tangu juu, gia ileile ya kupandia kona kali. Injini ikavuta gari nyuma kwa mlio wa juu, mguu wangu ukagusa breki kabla ya kona na kuachia, kugusa na kuachia, si kuukandamiza moja kwa moja. Nyuma yangu Noah ilipiga honi. Nikasogea pembeni ikapita. Karoti zilikuwa zimelala kimya. Mtoto wa kaka, ambaye safari nzima alikuwa hanyamazi, alishika kishikio cha mlango akawa anatazama korongo bila neno.

Mombo tukasimama. Niliteremka nikazunguka gurudumu moja moja, nikaweka kiganja karibu na kila rimu. Vuguvugu. Hakuna harufu ya breki. Nikarudia gurudumu la nyuma kulia, la upande lilikolala gunia la tatu, nikakaa na kiganja pale mpaka mwuza chai akaniuliza kama gari limeharibika.

"Halijaharibika, dada. Tupe chai mbili na chapati."

Tulifika Tabata saa 4 usiku. Simu iliita kabla sijavua viatu: msiba, mtaa wa tatu, viti 90 na turubai moja, kabla ya saa 12. Nikawagawia majirani karoti usiku ule ule. Alfajiri nilipofagia bodi, ule udongo mwekundu ulikuwa umeshikamana kwenye pembe. Niliukwangua kwa kijiti, nikaosha kwa maji ya ndoo moja, nikashusha ubavu wa kushoto, nikaanza kupakia.