Upara Si Laana, na Kuhani Alitazama Kwanza



Mwezi huu dada watatu wameniandikia ujumbe, kila mmoja kwa maneno yake, wakiuliza jambo moja: "Pasta, nywele zangu zinaisha. Hii ni vita?" Nimeamua kujibu hapa kwa sababu najua wako wengine wanaojiuliza kimoyomoyo chini ya kitambaa na chini ya wigi. Na pia kwa sababu kichwa changu mwenyewe kimeanza kuaga.

Mnaokaa viti vya mbele mnajua. Nywele zilianza kurudi nyuma pande zote mbili za paji nikiwa na miaka 36. Sasa nina 44, na utosini panang'aa kila kamera ya kanisa ikipiga kutoka juu. Vijana wa mitambo waliniuliza kama wabadilishe taa. Nikawaambia taa haina makosa. Baba yangu alikuwa na kipara akiwa na miaka arobaini, na mjomba wangu vilevile, kwa hiyo mimi nimerithi kutoka kwa mama na kwa baba. Mnaosema upara hutoka kwa akina mjomba peke yao, acheni kuwaonea.

Kwetu mwanamume mwenye kipara huchekwa kwa upole. Huambiwa ana pesa, au ana hekima. (Pesa bado sijaziona.) Lakini mwanamke akipoteza nywele hachekwi kwa upole. Anasemwa. Na mbaya zaidi, anatabiriwa.

Kuna dada mmoja katika ushirika wetu ambaye ameniruhusu niandike habari zake bila jina. Alikuja ofisini, mke wangu akiwepo kama tunavyofanya siku zote, akafungua kitambaa. Nywele za mbele, kutoka sikio moja hadi lingine, zilikuwa zimekwisha. Katikati alikuwa na nywele nzuri tu. Kwa miaka mingi alisuka rasta za kubana, tena juu ya nywele zilizowekwa dawa, na akifumua leo kesho amesuka tena. Mnajua tunavyosifu: rasta zikibana hadi macho yanavutwa, tunasema msusi anajua kazi. Usiku halali kwa maumivu, asubuhi anameza panadol, na vipele vidogo vinatoka kwenye paji. Ile ilikuwa ngozi ikilia.

Kabla hajaja kwetu alikuwa amepita kwa mtumishi mmoja, mbali na hapa. Huko aliambiwa kuna shangazi aliyeokota nywele zake na kuzizika. Akaambiwa apande mbegu na anunue chupa ya mafuta. Akapanda. Akanunua. Akakosana na shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlipia karo akiwa msichana. Hayo yalichukua miezi minane, na kwa miezi yote minane aliendelea kusuka palepale, maana ilibidi afiche.

Sikatai kwamba nguvu za giza zipo. Mnanijua, ninazikemea. Ninachouliza ni hiki: yule mtumishi alikitazama kile kichwa?

Fungueni Walawi 13. Ni ile sura ndefu ambayo wengi huiruka kwenye mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka. Kuanzia aya ya 29 Musa anazungumza juu ya mwanamume au mwanamke mwenye ugonjwa kichwani au kidevuni, na kuhani anaambiwa la kufanya. Atazame. Atazame kama pale pamezama kuliko ngozi, atazame rangi ya unywele. Kama jambo haliko wazi, mtu huyo atengwe siku 7, kisha kuhani atazame tena. Kama bado haliko wazi, anyolewe kuzunguka pale bila kuguswa pale penyewe, na angoje siku 7 nyingine. Wiki mbili, wapendwa, kabla ya kuhani kutamka neno! Sisi tunatamka kabla mtu hajamaliza kufungua kitambaa.

Halafu ujumbe unakuja kwenye aya ya 40 na 41. Mtu ambaye nywele zimemtoka kichwani, Musa anasema huyo ana upara tu, na ni safi. Akitokwa na zile za mbele, vilevile, ni safi. Nilipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu wa Kiebrania alituonyesha kwamba kuna neno moja la upara wa utosini na lingine la upara wa mbele. Maneno mawili tofauti! Torati ilitazama kwa karibu kiasi hicho, na ikamaliza kwa kusema safi. Aya ya 42 ndiyo inayobadilika: pakitokea kidonda kwenye ule upara, hiyo ni habari nyingine, kuhani arudi atazame. Yaani hata Musa alitofautisha nywele zinazoondoka kimya na ngozi inayougua.

Na madaktari wanafanya hivyohivyo. Nimekaa nao, nimeuliza, kwa ajili yenu na kwa ajili yangu. Kupoteza nywele si ugonjwa mmoja. Mama aliyejifungua anaweza kuona nywele zikitoka kwa wingi baada ya miezi miwili au mitatu. Hali kadhalika aliyeugua homa kali, aliyefanyiwa upasuaji au aliyepitia msiba mzito. Hizo kwa kawaida hurudi zenyewe, hakuna aliyezizika. Upungufu wa madini ya chuma mwilini unaweza kuleta hilo, na tezi ya shingo ikiwa na hitilafu pia. Mabaka laini ya mviringo yanayotokea ghafla mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi ya nywele, na kuna sindano na dawa zake. Kwa wanawake wetu kuna hali nyingine inayoanza katikati ya utosi na kupanuka polepole, wakati mwingine ikiwasha na kuchoma. Hiyo huacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena. Hapo ndipo miezi minane inakuwa mali ambayo hakuna mafuta ya kuirudisha.

Dada yetu alianzia hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Kakamega, akaelekezwa kwa daktari wa ngozi. Akaambiwa kwamba nywele zinazong'olewa kwa kuvutwa hurudi mtu akiwahi, na asipowahi hazirudi. Akaambiwa aache kusuka, aache dawa ya kulainisha, akate fupi, na akaandikiwa dawa ya kupaka. Kukata fupi ndiko kulikomliza. Mnajua desturi yetu Waluhya, mwanamke akinyolewa watu huuliza nani amekufa. Mamake alisema, "Watafikiri umefiwa." Mke wangu alienda nyumbani kwao akaketi na mama huyo jioni nzima. Sijui walizungumza nini, nilipouliza niliambiwa hayo ni ya akina mama.

Kuna wahubiri wanaochukua Isaya 3:24 na kuwapiga nayo kina dada wa namna hii, eti upara mahali pa nywele zilizosukwa ni hukumu. Nabii alikuwa anazungumza na Yerusalemu iliyodhulumu maskini, akionya juu ya vita na kutekwa. Si kipimo cha kumpima muuza nguo wa Kakamega.

Sasa niseme habari zangu na hiyo dawa ya kupaka, maana ndugu wengine wananiuliza pembeni baada ya ibada, kwa sauti ya chini kama tunauza chang'aa.

Inaitwa minoxidil. Miaka ya 1970 ilikuwa inatafitiwa kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali ambapo hawakuzitarajia, ndipo ikatengenezwa ya kupaka kichwani. Marekani waliiidhinisha mwaka 1988. Inasaidia wengi kiasi, hasa utosini kuliko mbele, ila unapaka kila siku, unangoja miezi minne au zaidi, na wiki za mwanzo nywele zinaweza hata kuzidi kutoka. Ukiacha, ulichopata kinaondoka. Mwenye mimba au anayenyonyesha asiitumie. Kuna na kidonge cha wanaume kiitwacho finasteride, kilichoidhinishwa kwa upara mwaka 1997. Hicho kwa baadhi ya wanaume hupunguza nguvu za ndoa, kwa hiyo ndugu, usikinunue kwa siri bila daktari na bila mkeo kujua. Mwanamke mwenye mimba asiguse hata kidonge kilichovunjika. Na wenye uwezo wanapandikiza nywele, wengine wanasafiri hadi Uturuki. Kama ngozi yako huota makovu manene, mwambie daktari kabla hajakugusa.

Mimi nilisimama dukani kwa mfamasia nikiwa nimeshika chupa. Nilitaka kuinunua, sitawaficha. Mtu anaposimama madhabahuni mbele ya watu kila Jumapili, kichwa chake anakijua. Nikaenda nyumbani kwanza, tukapiga hesabu na mke wangu: chupa baada ya chupa, maisha yote, na tuna mtoto wa sekondari. Akaniuliza swali moja tu: "Ukianza, utaacha lini?" Sikuwa na jibu, kwa hiyo sikununua. Kinyozi wangu kule Lurambi sasa ananipitishia mashine kila Ijumaa. Nimemwomba asikwangue karibu mno na ngozi, hasa kisogoni, maana vile vipele vya kisogo vinavyowatesa wanaume wengi huanzia hapo, na mashine iwe safi.

Lakini msichukue uamuzi wangu mkaufanya fundisho. Kuna ndugu katika kwaya anayeitumia na zimeota, namshukuru Mungu pamoja naye. Miwani ninayosomea Neno hakuna aliyewahi kuniambia ni kukosa imani. Hezekia aliahidiwa uponyaji na Bwana mwenyewe, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Someni 2 Wafalme 20. Ninachokataa ni zile chupa zisizo na lebo zinazouzwa kwenye simu na kwenye stendi za matatu, zinazoahidi nywele kwa siku 14. Hujui kilichomo, na aliyekuuzia hutampata tena.

Uongo juu ya kichwa cha mtu si mchezo. Mwaka 2017, huko Msumbiji, jirani wa jirani zetu, polisi walilazimika kuwaonya wanaume wenye vipara kwa sababu kulikuwa na watu waliouawa kwa imani kwamba ndani ya kipara kuna dhahabu. Watu walikufa kwa neno ambalo mtu fulani alilitamka. Ndiyo maana utabiri wa shangazi unanitisha.

Na kejeli nayo ina sumu yake. Elisha aliitiwa kipara njiani kwenda Betheli, na neno lililotumiwa ni lile la utosini. Wengi humchora akiwa mzee, lakini huduma yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikuwa na upara wa kijana. Tarehe 27 Machi 2022 dunia nzima ilizungumza kofi ambalo Will Smith alimpiga Chris Rock jukwaani, na wachache walikumbuka kwamba mzaha ulihusu kichwa cha mke wake, Jada, aliyekuwa amekwisha kusema hadharani kwamba nywele zinamtoka kwa maradhi. Sihubiri makofi. Nasema tu vijana wetu muangalie mnachoandika chini ya picha za watu. Na mkimwona mama amefunga kitambaa akirudi kutoka Eldoret kwenye matibabu ya saratani, msimwulize nywele ziko wapi. Dawa zile mara nyingi huziangusha, na kwa wengi huanza kurudi matibabu yakiisha.

Kuhusu Mathayo 10:30. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000, na ni kawaida 50 hadi 100 kuanguka kila siku. Kwa hiyo ile hesabu ya Baba si ya kuandikwa mara moja na kufungwa kabatini. Ya jana si ya leo. Anahesabu kichwa kinachopungua, tena kila asubuhi. Mimi hilo limenishika sana miezi hii nikiwa mbele ya kioo.

Dada yetu sasa ana mwezi wa saba wa matibabu. Juu ya paji zimeota laini, nyembamba. Pembeni, karibu na masikio, daktari amemwambia asitarajie. Alimpigia shangazi yake simu, na shangazi alipokea mara ya tatu. Wameanza kuzungumza, bado si kama zamani.

Alhamisi hii kwenye ushirika wa akina mama, saa nane mchana, muuguzi mmoja wa kanisani atakuwa nasi. Leteni watoto wenye mapunye kichwani. Msiwapake mafuta ya taa wala kitu chochote kabla, anahitaji kuona ngozi ilivyo, na wengi watahitaji dawa ya kumeza, si ya kupaka tu. Wasusi wa kanisani mnaombwa mfike pia, tuna maneno nanyi. Anayetaka kufungua kitambaa faraghani, mke wangu atakuwa chumba cha nyuma na mlango utafungwa.

Mbarikiwe.