Kompyuta Isiyo na Kioo



Nilinunua Raspberry Pi kule Jinja kwa akiba ya mama watoto, tuweke masomo yasiyohitaji intaneti. Fundi akaandika kwenye kadi jina langu, neno la siri na Wi-Fi yake, akaruhusu ssh.

Nikafika Mbale sina kioo wala kibodi. Taa inawaka, lakini laptopu ya jirani haiioni. Mama watoto akanyamaza siku mbili.

Kumbe kadi ilikuwa bado inatafuta Wi-Fi ya Jinja! Nikafungua hotispoti ya simu kwa jina na siri zile zile, ikaingia yenyewe. Laptopu nayo nikaiunga hapo, nikaandika ssh, ikafunguka.

Jamani, msiagane na fundi kabla hamjauliza kadi imeandikwa nini.