Dende zetu na paka yetu Mukaguzi

Wenzetu wamekwisha kuandika katika buletini yetu juu ya kazi za likizo, mmoja juu ya kuchoma matofali, mwingine juu ya kulima. Sisi ni ndugu wawili na dada yetu mdogo, na kazi yetu ni ndogo, wengine wataicheka: tunafuga dende, ndio wale wanaoitwa kobaye katika masomo ya biolojia. Na katika nyumba ile ile tunafuga paka. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kwetu ni upande wa Walungu, katika Kivu ya Kusini. Baba wa baba yetu alikuwa na ng'ombe, lakini katika vita vya 1996 na 1998 wote walichukuliwa, hata mbuzi. Watu wengi wa milima yetu waliporwa namna hiyo, tena si mara moja, mpaka wakaogopa kufuga mnyama anayeonekana kutoka barabarani. Dende haonekani. Sauti yake haifiki mbali, unaweza kumbeba ndani ya kikapu na kukimbia naye, anakula majani tu, na hata mtoto anaweza kuwa na wake. Asili yake si huku. Alitoka katika milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, pahali watu walipoanza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo baridi ya milima yetu si ngeni kwake, kinachomuua ni unyevu na upepo.

Paka aliletwa nyumbani mwaka 2021, juu ya panya. Panya walikuwa wamekula mbegu zote za maharagwe ambazo Mama alikuwa ameziweka kwa kupanda, na siku ile tulimwona Mama akilia, jambo ambalo hatulioni mara nyingi. Tulimpa paka jina la Mukaguzi, kwa sababu kila mangaribi anapita kwenye sufuria zote, moja kwa moja, anatazama, anaendelea. Panya walipungua sana. Tusiseme kwamba paka huyu ni mbaya.

Mwezi wa pili wa 2023 Mujomba alituletea dende wane: dume moja na majike tatu. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali haina malipo, lakini dada yetu alikuwa anamaliza, na mwezi wa tisa alipaswa kuingia mwaka wa saba, pahali minervali inapoanza. Mama akatuambia:
- Banangu, hizi dende haziko za kula. Zikifika makumi mbili, tutauzisha kumi, itakuwa minervali ya dada yenu.
Dada akazihesabu siku ile ile, halafu akazihesabu tena, kana kwamba zingekuwa zimekwisha kuongezeka.

Kama katika nyumba nyingi za kwetu, tuliziacha jikoni. Zinalala chini ya kuni, zinaota moto, zinaokota maganda ya ndizi. Ni desturi ya zamani na haikosi faida yake, sababu jikoni ni pahali pakavu. Lakini hasara ni mingi: watu wanazikanyaga, nyingine zinaungua majivuni, dume inapanda binti zake wenyewe, na mlango wa jikoni haufungwi kamwe. Mukaguzi aliingia siku ya kwanza, akakaa karibu na mtungi wa maji, akazitazama. Mkia wake tu ndio uliokuwa unatembea. Dende zilikauka kama mawe, halafu zote zikakimbilia kona moja. Dende hajui kupanda, hajui kuchimba shimo, hajui kupiga teke kama sungura. Kazi yake ni kukauka au kukimbia, basi.

Majuma yakapita bila neno. Tulidhani paka ameogopa ukubwa wao. Mama mmoja wa jirani alitucheka: paka yake inalala pamoja na dende, wamekulia nyumba moja. Tulimwamini. Profesa wetu wa biolojia tulimwuliza baadaye sana, naye akasema dende mkubwa anaweza kuvumiliwa, lakini mtoto wa dende, machoni pa paka, ni panya aliyenona.

Mwezi wa nne jike ya kwanza ilizaa watatu. Aliyeona watoto wa dende anajua uzuri wao. Mama yao anabeba mimba karibu siku 68, ni nyingi kwa mnyama mdogo namna hii, na kwa hiyo watoto wanatoka wakiwa na manyoya, macho wazi, na siku ile ile wanakimbia. Siku ya pili tulihesabu wawili. Siku ya tatu hakuna. Chini ya kitanda cha Mama tulikuta mguu mmoja mdogo sana.

Tulimpiga paka. Ilikuwa kazi bure, kwa sababu paka hajui anapigwa juu ya nini. Kisha tukamtia ndani ya gunia na kumpeleka kwa Mujomba. Jike ya pili ilipozaa tulikuwa na amani kabisa, na asubuhi tulikuta watoto wawili wamelala hapo hapo, shingo zimetafunwa, na mavi ya panya kando yao. Kumbe, panya walikuwa wamesikia kwamba Mukaguzi ameondoka. Tena waliingia katika mahindi. Tulikwenda kumrudisha paka, na Mujomba alicheka njia yote mpaka barabarani.

Basi tukaona kwamba paka atakaa na dende zitakaa, na tunaopaswa kufanya kazi ni sisi. Kwanza tulichukua kartoni ya sabuni. Siku nne tu, mkojo ukaloweza chini, kartoni ikapasuka. Halafu tulipigilia sanduku la vipande vya mbao, na kati ya mbao tuliacha nafasi ya vidole viwili kusudi hewa ipite. Mukaguzi alikaa kando, akaingiza mkono wake mpaka kwenye bega, akawa anatafuta ndani kama mtu anayetafuta franka mufukoni. Tuliziba nafasi zile. Kifuniko hakikuwa na kitasa, tulikuwa tunaweka jiwe juu yake.

Sasa tufike kwenye neno ambalo hatukupenda kuliandika. Siku moja ya mwezi wa sita, mangaribi, mmoja wetu alizipa dende majani, akasikia wenzake wanaita juu ya mazoezi ya kwaya, akakimbia. Jiwe lilibaki chini. Usiku paka aliingia. Jike kubwa, ile yenye mimba, ilikufa pale pale. Dume ilikuwa na vidonda mgongoni, vidogo kama vya sindano. Tulivisafisha kwa maji ya moto yenye chumvi na tukashukuru. Hatukujua kwamba meno na makucha ya paka yanaingiza uchafu ndani sana, na kidonda kinajifunga juu huku chini kinaoza. Siku ya tatu dume ikafa. Tukabaki na majike mbili bila dume, na mwezi wa tisa ulikuwa unakuja.

Mama alituita sisi watatu.
- Nani njo alifunga dende jana?
Hakuna aliyejibu.
- Muko nasikia? Nani?
Tukasema: «Ni sisi, Mama.» Aliuliza mara ya tatu, tukajibu vile vile. Akatutazama mmoja mmoja, halafu akaenda shambani. Anayeandika mistari hii anajua ni nani, na wale wawili wanajua. Wengine watasema ni uongo. Inawezekana. Lakini mmoja wetu alikuwa analia usiku, na hatukuweza kumwongezea.

Likizo kubwa yote tulibeba matofali kwa mtu anayejenga. Kwa feza ile tulinunua mbao na misumari, na jogoo yetu tuliibadilisha kwa dume mpya ya dende. Grilaji tulipata ya zamani kwa watu wanaokausha kahawa juu ya meza, ina kutu kidogo lakini matundu yake ni madogo, hata kidole cha mtoto hakipiti. Hilo ndilo la maana. Grilaji ya kuku haifai, sababu mkono wa paka unapita na panya mdogo anapita mwili mzima.

Banda lina urefu wa metre 1 na santimetre 20, upana wa santimetre 60, na miguu ya santimetre 80. Chini tuliweka mbao, si grilaji, kwa sababu waya unakata nyayo zao. Juu yake ni majani makavu tunayobadilisha kila siku mbili au tatu. Kila mguu tuliuvika kopo tupu lililogeuzwa kama kofia, panya akipanda anakuta kopo juu ya kichwa chake na kuteleza. Banda haligusi ukuta wala kuni. Kifuniko kimeshikwa na vipande vya mpira wa gurudumu, na kina vitasa viwili, kwa maana paka mzito anaweza kutikisa kimoja mpaka kikafunguka. Ndani tuliweka kisanduku cha giza chenye milango miwili. Kaka mkubwa aliona ni kupoteza mbao, lakini dende anayemwona paka mchana wote hali vizuri, na jike yenye mimba ikishtuka sana inaweza kutupa mimba. Milango ni miwili ili dume isimfungie mwenzake njia.

Majani tunayatia kwa juu. Matembele, majani ya mahindi, nyasi zilizonyauka kidogo bila umande. Kila siku pawe na kitu kibichi, kwa maana mwili wa dende, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Majani ya tomati, ya viazi vya kizungu na ya avoka hatuwapi, ni sumu. Watoto madume tunawatenga wakifika majuma matatu.

Dada aliingia mwaka wa saba akichelewa mwezi mzima. Mkuu wa shule alikubali tulipe kidogo kidogo. Dende hazikuwa zimefika makumi mbili, zilikuwa tano. Nusu ya malipo ya kwanza ilitoka kwa matofali, na nyingine Mama aliikopa, hatujui kwa nani. Dende za kwanza za kuuza zilipatikana mwaka uliofuata, wakati wa Pasaka. Dada mwenyewe alizipeleka sokoni ndani ya kikapu, akarudi na feza mkononi, ameikunja sana mpaka ilikuwa imelowa.

Kila usiku mmoja wetu anafunga vitasa, na mwingine, si yule yule, anakwenda kuvigusa. Mama hakuuliza tena nani alifunga. Siku hizi Mukaguzi analala juu ya kifuniko, juu ya joto la dende zote zile, na chini yake zinatafuna majani bila kusimama. Juma lililopita jike moja ilizaa wanne, wawili weusi, wawili wenye kiraka cheupe kwenye paji la uso. Leo asubuhi walikuwa bado wanne.