Mgeni wa Mbali na Chungu cha Mwenyeji

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema, hata hivyo, ni mwenyeji yupi atakayepona: serikali yenye funguo za nchi, tajiri mwenye hoteli, au mama mwenye chungu jikoni. Swali hilo linaistahili Rwanda, nchi isiyo na bahari, yenye eneo la kilomita za mraba 26,338 tu. Kwa miaka mingi watalii waliopanda milima yake kuwatazama gorila wametoka zaidi Ulaya na Marekani. Sasa nchi hiyo inawatazamia pia watu wa India, China na nchi za Ghuba.

Hatua za kuwaita wageni hao zimechukuliwa. Shirika la ndege la taifa, RwandAir, lilianza safari za Mumbai mwaka 2017 na za Guangzhou mwaka 2019. Tangu Januari 1, 2018, raia wa nchi zote waliruhusiwa kupewa viza wanapowasili. Basi mlango umefunguliwa. Lakini kufungua mlango ni nusu ya ukarimu; nusu ya pili ni kile anachokikuta mgeni akishaingia ndani.

Rwanda haiwezi kutegemea wingi wa watu. Gorila wa milimani, ambao ndio hazina yake kuu, hawastahimili umati. Kila familia ya gorila waliozoeshwa kuona watu hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa muda wa saa moja, kwa kuwa mafua ya binadamu yaweza kumwua mnyama huyo. Mwaka 2017 bei ya kibali ilipandishwa kutoka dola za Marekani 750 hadi 1,500, na fungu la mapato ya hifadhi litolewalo kwa vijiji jirani likaongezwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Fungu hilo limejenga madarasa na zahanati. Hilo ni jema. Hata hivyo, darasa ni la kijiji kizima, na chungu ni cha mama mmoja. Fedha ya mgeni itaingiaje jikoni kwake?

Jibu moja limepatikana Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambao Kiswahili kimesikika tangu enzi za ukoloni. Huko, mwaka 2007, wanawake 18 walianzisha kituo chao. Wageni hutembezwa mtaani, hufundishwa mapishi, kisha huketi kula pamoja na wenyeji. Mgeni hulipa, na malipo hayo humfikia mpishi.

Wageni wa masoko haya mapya wanadai uangalifu mpya. Wahindi wengi hawali nyama. Kwao maharage, ndizi za kupika na kisamvu, ambacho Wanyarwanda hukiita isombe, ni karamu kamili, mradi chungu kisitiwe kipande cha nyama wala samaki. Wachina wengi hupendelea maji ya moto kuliko ya baridi. Chupa ya chai iliyojaa maji yaliyochemka yawafurahisha kuliko soda. Mtu wa Ghuba atauliza ni nani aliyechinja, na Nyamirambo, penye Waislamu wengi, jibu halipo mbali. Mama mwenye busara hana haja ya kuigiza mapishi ya Mumbai. Amwulize mgeni kabla ya kuinjika chungu, si baada ya kupakua.

Lakini ukarimu huo usimsahaulishe shamba. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea duniani, Rwanda ilisimamisha ndege za abiria, nazo hazikuruhusiwa tena hadi Agosti. Miezi hiyo ilidhihirisha udhaifu wa riziki ishukayo kutoka angani: aliyemtegemea mgeni peke yake alibaki akilitazama jiko baridi, na mwenye bustani ya viazi na mboga alichuma akala.

Wahenga walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii hapewi jembe. Siku ya tatu hupanda ndege akaenda zake. Kwa sababu hiyohiyo mwenyeji asilitupe la kwake. Ampokee mgeni vizuri, amlishe akipendacho, apokee malipo yake kwa heshima, kisha alfajiri aende kupalilia.