Jua la Kiminini, Jua la Mombasa, na Nafasi ya Kiganja



Atokaye Mombasa kwenda Kiminini huliacha joto njiani kidogo kidogo. Basi hupita Nairobi, likapanda Nakuru na Eldoret, na hadi kufika Kitale msafiri wa Pwani ameshatafuta sweta mkobani. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kiminini iko chini yake kidogo, safari fupi ya matatu katika barabara iendayo Webuye. Kila upande ni mahindi, na upande wa kaskazini-magharibi Mlima Elgon umejitandaza chini ya mawingu yake. Asubuhi huwa na baridi, adhuhuri jua hukaza, na katika miezi ya masika mvua hupenda kushuka alasiri.

Nilikaa huko siku nne kwa shughuli ya ndoa, na kilichonivuta macho ni mapaa. Nyumba ya mwenyeji wangu ina paneli za sola zilizoinuliwa juu ya bati kwa vyuma vifupi, hata mkono ukapita chini yake bila kugusa kitu. Niliupitisha mkono huo mchana, nikausikia upepo. Kwetu Pwani, paneli nyingi nizionazo zimelazwa juu ya bati kama mkeka sakafuni.

Jambo hili si dogo kwetu. Kina mama wa mtaa wetu wamekuwa wakichanga shilingi baada ya shilingi kwa ajili ya umeme wa jua wa madrasa. Paneli tano zimekwishapandishwa, taa hufifia kabla ya Isha, na sasa yazungumzwa kununua ya sita. Kabla mfuko haujafunguliwa tena, yafaa tujue joto hutuchukulia kiasi gani.

Watu wengi hudhani kwamba jua likizidi kuchoma, umeme nao huzidi. Sivyo. Paneli hula nuru, haili joto. Nguvu iliyoandikwa nyuma yake, kama vile wati 300, hupimwa kiwandani ikiwa na joto la digrii 25. Kwa kila digrii inayozidi hapo, paneli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake, kwa kuwa joto huishusha volti. Nayo paneli iliyoanikwa juani, hata ikipata hewa, huipita joto la hewa kwa kiasi cha digrii 30 jua linapokaza.

Basi tupige hesabu. Siku ya digrii 24 Kiminini, paneli hufika digrii 54, na hasara ni karibu asilimia 12. Siku ya digrii 32 Mombasa, hufika digrii 62, na hasara ni karibu asilimia 15. Tofauti ya miji hii miwili, basi, ni asilimia tatu tu. Lakini paneli iliyobanwa juu ya bati, isiyopata hewa nyuma, yaweza kuongeza digrii 10 na zaidi juu ya hizo, na hasara ikakaribia asilimia 19. Namna ya kufunga paneli hutugharimu kuliko tofauti ya hewa ya Pwani na ya bara. Baridi ya Kiminini hatuwezi kuisafirisha. Nafasi ya kiganja twaweza.

Kwa paneli zetu tano za wati 300, kupunguza digrii 10 ni kurudishiwa wati 60 hivi jua linapokaza. Kwa saa nne za jua kali, tukiweka kando kinachopotea katika betri, umeme huo huwasha taa nne za wati sita kwa saa kumi. Haitoshi kuwa paneli ya sita, lakini ni sehemu yake ya tano, kwa bei ya vyuma na siku moja ya fundi.

Watafiti wamejaribu njia nyingine. Wako waliobandika mapezi ya aluminiamu nyuma ya paneli yatoe joto, na waliopitisha maji nyuma yake yakatoka ya vuguvugu kwa matumizi ya nyumba. Huko Isinya, Kaunti ya Kajiado, wataalamu wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza wameinua paneli juu ya mboga: kivuli huutunzia udongo unyevu, na majani yanapotoa mvuke hupoza hewa iliyo chini ya paneli, kama mtungi unavyopoza maji kwa kutoa jasho.

Wako pia wanaomwagia paneli maji mchana. Maji hupoza kweli, lakini pampu hula umeme ule ule, maji ya visima vyetu vya chumvi huacha ukoga mweupe kwenye kioo, na maji baridi juu ya kioo kilichochomeka yaweza kukipasua. Tena tumekatazwa israfu ya maji hata tukiwa kando ya mto, seuze katika mitaa inayonunua maji kwa mtungi. Paneli ioshwe kwa maji baridi ya kisimani? La, kwa maji matamu kidogo na kitambaa laini, alfajiri, ikiwa bado imepoa, ili kuondoa vumbi na chumvi ya bahari.

Kwa hiyo nawashauri kina mama wetu mambo matatu. Kwanza, fundi aziinue paneli tano zilizopo kiasi cha sentimita 10 hadi 15 juu ya bati, ncha zikiwa wazi ili upepo wa kusi na wa kaskazi upite. Pili, ziinamishwe kidogo, kiasi cha digrii 10, mvua ipate kuziosha. Na kwa kuwa Mombasa iko kusini mwa ikweta, zielekee kaskazini. Tatu, betri isikae chini ya bati. Iwekwe chini, kivulini, penye hewa, kwani joto hufupisha umri wake, nayo ni ghali.

Yakishafanywa hayo, taa zipimwe kwa mwezi mmoja. Zikiendelea kufifia, paneli ya sita inunuliwe, na fedha ya watu itakuwa imetumika kwa haki. Wabillahi tawfiq.