Nasaha kwa Mpwa Wangu Aliye Katika Fungate ya Kisukari

Tanga, katikati ya Rajabu

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako umenifikia salama, nami nimeusoma na kuurudia, kwanza kwa furaha ya kuona kwamba mwandiko wako umenyooka tena, maana ule ulioniandikia kutoka kitandani hospitali ulikuwa umekwenda tenge mistari yote, na kisha kwa hadhari, kwa kuwa katikati ya furaha yako umeniuliza jambo ambalo sikupenda kulijibu kwa simu. Wasema kwamba sukari yako ya asubuhi haizidi 6, kwamba daktari amekupunguzia insulini hadi uniti 10 kwa siku, kwamba juzi ulisahau sindano ya usiku na ulipopambazukiwa hukuona tofauti, na kwamba yule muuza dawa za miti wa mtaani kwenu, aliyekuwa akikupa unga wa mizizi tangu ulipotoka wodini, anakuambia sasa umepona na uziache sindano kabla mwili haujazizoea. Waniuliza, je, uache?

Usiache. Na kwa kuwa wewe ni mhasibu, na mhasibu hapokei jumla asiyoonyeshwa ilivyopatikana, nitakueleza kwa urefu. Ujuzi wangu ni wa mganga msaidizi aliyestaafu, lakini vitabu sijavifunga.

Maradhi yako si yale ya bibi yako marehemu, ambayo yalimjia uzeeni akayatuliza kwa vidonge na kwa kupunguza wali. Wewe umeingiliwa na kisukari cha aina ya kwanza, ambacho chanzo chake ni kinga ya mwili yenyewe, iliyowekwa kupigana na vijidudu, kugeuka na kuziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini, zile zilizomo ndani ya visiwa vidogo mno ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869, naye angali mwanafunzi, pasi na kujua kazi yake. Watu wengi, na matabibu wamo, hudhani kwamba maradhi haya ni ya watoto tu, ilhali utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa miongoni mwa walioyapata kabla ya kufika miaka 60, kiasi cha watu 4 katika kila 10 walikuwa wamekwisha kuvuka 30. Theresa May yalimpata mwaka 2012 akiwa na miaka 56, akaambiwa kwanza kwamba ni aina ya pili, akapewa vidonge visivyofaa kitu, kisha ndipo vipimo vikaeleza ukweli. Na mwaka 2016 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza huku akijidunga kila siku. Kwa hiyo usiwalaumu kupita kiasi wale waliokupa vidonge vya metformini wakakurudisha nyumbani, hata ukaishia kubebwa ukitapika na kuhema. Mtu wa miaka 34 mwenye kiu na mkojo mwingi aghalabu hufikiriwa kuwa na aina ya pili, mpaka atokee daktari mwenye subira ya kuagiza kipimo cha kingamwili.

Sasa tuje kwenye hii nafuu yako, ambayo madaktari huiita fungate. Siku ulipogunduliwa, seli zako za insulini hazikuwa zimekufa zote. Nyingi zilikwisha kuangamia, na chache zilizosalia zilikuwa zimeelemewa na sukari iliyojaa damuni, hata zikashindwa kufanya hata ile kazi zilizokuwa zikiiweza. Ilipoingia insulini ya sindano, sukari ikashuka, zikapumua, zikaanza tena kazi. Hali yako ni ya jahazi linalovuja ambalo mabaharia wake waliosalia walikuwa wamechoka kufua maji, wakaletewa wasaidizi, wakapumzika, wakashika tena makasia. Na nahodha anayeona maji yamepungua chomboni akawateremsha wasaidizi pwani, huku tundu halijazibwa, wewe mwenyewe wajua atafika wapi. Tundu lako halijazibwa. Kinga ingali inazila zile seli, polepole, na hadi leo hakuna dawa ya kuizuia isifanye hivyo kabisa, ingawa Marekani mwaka 2022 waliidhinisha moja ya kuchelewesha maradhi kwa wale ambao hayajawadhihirikia.

Muda wa fungate haujulikani mbele. Wapo wasioiona kabisa, wapo wanaokaa nayo wiki chache, na watu wazima kama wewe aghalabu hukaa nayo zaidi kuliko watoto, miezi mingi, pengine mwaka na ushei. Madaktari humhesabu mtu kuwa yumo ndani yake pale mahitaji yake yanapokuwa chini ya nusu uniti kwa kila kilo ya mwili. Nawe kwa kilo zako 62 mpaka huo ungekuwa uniti 31, basi kwa hizo 10 zako si ajabu ukajiona mzima. Walakini hizo 10 si za bure. Ule utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada tangu 1983 hadi 1993, juu ya watu 1,441, ulithibitisha kwamba waliodhibiti sukari yao barabara kwa insulini walisalimika zaidi macho, figo na mishipa ya fahamu, na jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba wale miongoni mwao waliokuwa bado na insulini kidogo ya asili walidumu nayo muda mrefu zaidi. Maana yake ni kwamba uniti hizo chache ndizo zinazoirefusha fungate unayoifurahia.

Juu ya muuza mizizi sina chuki naye. Miti ina dawa, na mimi mwenyewe mkaazi wa pwani nimelelewa kwa mwarobaini na habasoda. Lakini zitazame tarehe kwa jicho la kazi yako. Umeanza unga wake wiki ile ile uliyoanza insulini, na nafuu imekuja katika miezi ambayo fungate huja kwa kawaida yake, hata kwa mgonjwa wa London asiyewahi kuuona mzizi wake. Angekuuzia unga wa msumeno angelipwa sifa zile zile. Kichupa cha insulini hakina mdomo wa kujitangaza, naye anao. Mwambie akuletee mtu mmoja aliyethibitishwa kwa kingamwili, aliyeacha sindano miaka mitatu iliyopita, akae mbele yako apimwe kidole. Nilipokuwa zahanati ya upande wa Pangani aliletwa kwetu fundi wa mashua, kijana mwenye kifua kipana, ambaye alishauriwa hivyo hivyo akaacha. Aliletwa juu ya kitanda cha kamba, anavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka mbio, na mdomoni anatoka harufu ya tunda lililoiva likapitiliza, nasi tukamtundikia maji na kumpakia garini kwenda mjini. Hakufika.

Zamani ya babu zetu wagonjwa wa namna yako wote walikwenda njia hiyo, matajiri na maskini, na tiba pekee waliyokuwa nayo matabibu wa Ulaya na Marekani ilikuwa ni kuwashindisha na njaa ili wachelewe kidogo kufa. Mtu wa kwanza kudungwa insulini alikuwa kijana Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922. Lakini ninayetaka umjue zaidi ni daktari Robin Lawrence, Mskochi, kwa kuwa naye yalimpata mtu mzima, mwaka 1920, akiwa na miaka 28; alipoona hana maisha akahamia Florence, Italia, ili afie mbali na macho ya jamaa zake, na huko mwaka 1923 ikamfikia habari kutoka hospitali yake ya London kwamba insulini imepatikana na inafanya kazi. Akaingia ndani ya motokaa, hali ya kuwa amedhoofu, akaikata Ulaya mpaka kwake, akadungwa sindano ya kwanza tarehe 31 Mei. Alikufa 1968. Katikati ya tarehe hizo mbili alioa, akazaa, akatibu maelfu, akaandika vitabu, na mwaka 1934, pamoja na mwandishi H. G. Wells aliyekuwa mgonjwa mwenzake, akaanzisha chama cha wenye kisukari cha Uingereza. Na hayo yote kwa sindano zilizokuwa nene, za kuchemshwa, na za kunolewa juu ya jiwe. Wewe unayo yenye ncha nyembamba kama unywele.

Katika waraka wako mna jambo ulilolitaja kwa mstari mmoja ukapita, nalo ndilo lililonishughulisha kuliko yule muuza mizizi: kwamba usiku mmoja uliamka saa nane shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, ukapima ukakuta 2.9, ukala halua ukalala. Fahamu kwamba hatari za fungate ni mbili, na hii ni ya pili. Kongosho lako linafanya kazi bila ratiba. Leo linatoa kidogo, kesho linatoa zaidi, na likikutana na sindano uliyokwisha kudunga, sukari inaporomoka. Ikiwa chini ya 4, kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari ya kweli, au maji yaliyokorogwa vijiko vya chai vitatu vya sukari vilivyojaa, ungoje dakika 15, upime tena, na kama haijapanda urudie. Ikisha kupanda, kula kitu cha kukaa tumboni. Halua siyo, ingawa ni tamu, kwa sababu samli iliyomo huichelewesha sukari kuingia damuni, na wakati huo wewe huna wa kupoteza. Usiku ule uandike daftarini, saa na kiasi na ulichokula jioni, umwonyeshe daktari, kwa maana huenda akapunguza ile ya usiku. Yeye ndiye wa kupunguza, si wewe wala jirani. Na kabla hujashika pikipiki yako, pima.

Jambo la umeme kukatika huko kwenu Dar es Salaam silo dogo. Vichupa ambavyo hujavifungua vikae kwenye jokofu, baina ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kile unachokitumia hakihitaji jokofu, ila kisipite nyuzi 30, na kiandikwe tarehe ya kufunguliwa, maana baada ya wiki nne kitupwe. Umeme ukikatika siku mbili, chukua mtungi wa udongo, ndani uweke chungu kidogo, baina yao ujaze mchanga uliolowa, ufunike kwa kitambaa kibichi, ukae kivulini penye upepo. Maji yakikauka taratibu hupooza, na si mambo ya kale tu, watafiti nao wamevipima vyungu hivi wakaona vinasaidia. Ile insulini nyeupe kama maziwa usiitikise, iviringishe baina ya viganja mpaka ichanganyike. Na mahali pa kudunga uhamishehamishe, leo tumbo la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa paja, usije ukaota uvimbe unaoinywa dawa bila kuipeleka.

Ramadhani inakaribia, nami najua nafsi yako itakuambia kwamba kwa uniti 10 waweza kufunga. Aina ya kwanza imehesabiwa na matabibu miongoni mwa wale walio katika hatari kubwa, na sheria yetu imempa mgonjwa rukhsa. Kuipokea rukhsa si udhaifu wa imani. Zungumza na daktari mapema, katika Shaabani, na akisema usifunge, toa fidia ukae kwa raha na wenzio wakati wa futari. Akikuruhusu, pima mchana, maana wanazuoni wengi wamesema kuchoma kidole hakufunguzi, na ikishuka chini ya 4 fungua hapo hapo, hata kama adhana imebakiza dakika tano.

Mama yako amewaambia majirani kwamba dua zimejibiwa. Usimpinge. Dua na sindano havigombani, nami nitamwambia hivyo mwenyewe kwa lugha ya ndugu wawili. Lakini siku fungate itakapokwisha, na aghalabu huanza kwa homa au mafua, sukari ikapanda 11, ikapanda 14, daktari akaongeza uniti 2, kisha 4, usikae ukitafuta ni andazi lipi lililokuponza wala ni sala gani uliyoikosa. Itakuwa imekwisha kwa sababu hukwisha. Na ukiugua, hata ukishindwa kula, insulini usiiache kabisa. Kunywa maji, pima ketoni katika mkojo, na ukianza kutapika nenda hospitali usingoje asubuhi.

Ukirudi kliniki, uliza kama wanaweza kukupimia si-peptaidi, kipimo kinachoonyesha kongosho lako lingali likitoa kiasi gani, nawe uniletee jibu lake ukija Idi. Waraka huu mpe mkeo ausome, hasa pale penye soda, na mfuko wa glukosi uwe upande wake wa kitanda. Ndani ya basi la kuja huku kichupa kikae nawe, kisiwekwe chini kwenye mizigo ambako joto ni la tanuri, na mkisimama Segera upime kwanza ndipo ununue. Mkaza mjomba wako anakusudia kukupikia samaki wa kupaka, ameniuliza wali uwe wa vikombe vingapi kwa upande wako, nami nimemwambia akungoje, wewe ndiye utakayemwambia.

Wasalaam,
Mjomba wako